Nianze na nyumba ipi ya Elvis Presley?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mwakani, Mungu akipenda, nitakwenda kumtembelea mdogo wangu anayeishi Memphis, Marekani. Marehemu baba alituachia santuri za Elvis Presley, nami nimekua nikiisikia sauti hiyo. Nina siku 2 za kuzuru nyumba alizoishi. Nianze na ipi? Je, ni kweli kwamba Graceland, jumba la Elvis la Memphis, wageni hawapandi ghorofani? – Msomaji, Mikindani.

JIBU: Marahaba. Wengi wangekuelekeza Graceland moja kwa moja, lakini mimi nakusihi siku ya kwanza uende Tupelo, katika jimbo la Mississippi, mwendo wa kilomita zipatazo 170 kutoka Memphis, mbali kuliko kutoka kwenu hadi Lindi mjini. Huko, pale pale ilipojengwa, ingalipo nyumba ya mbao ambayo Vernon, baba yake Elvis, aliijenga kwa mkopo wa dola 180. Ndimo Elvis alimozaliwa tarehe 8 Januari 1935, na pacha mwenzake alizaliwa mfu. Wewe uliyezoea majumba ya mawe yenye milango ya nakshi utashangaa udogo wake: chumba cha kulala, nyuma yake jiko, basi. Hata hiyo familia iliipoteza baada ya miaka michache kwa kushindwa kulipa deni. Mwaka 1957, akiwa ameshatajirika, Elvis alirudi Tupelo kutumbuiza, na mapato akayatoa ili eneo hilo linunuliwe na kufanywa bustani ya vijana wa mji, tendo ambalo kwangu lina uzito kuliko magari yake yote.

Siku ya pili, mjini Memphis, pitia kwanza Lauderdale Courts, yaliyokuwa majengo ya umma ya watu wa kipato cha chini, ambako familia ilipanga kuanzia 1949 hadi kipato chao kilipozidi kiwango, wakahama 1953. Yangali yana wapangaji, hivyo yatazame kwa nje.

Kisha nenda Graceland, aliyoinunua 1957 kwa dola 102,500 akiwa na miaka 22, na ambayo wageni walianza kuingia 1982. Ni kweli, ghorofani hakupandwi, na naona ni haki, kwani huko ndiko alikokutwa siku aliyofariki, 16 Agosti 1977. Malizia bustanini, kwenye makaburi. Linalofuata la Elvis ni la Vernon, yule aliyekopa dola 180.