Brekpointi inashika huku, kule inapitiliza

SWALI: Habari za kazi. Nina bodi ya ARM ambayo sina njia ya kuifikia kwa JTAG (waya za kudebagi prosesa moja kwa moja), kwa hiyo nimeweka stabu ya GDB (kipande cha kodi kinachopokea amri za debaga ya GDB) ndani ya femiwea, inaongea na laptopu kwa siriali. Inakonekti freshi, rejista nazisoma. Ila brekpointi (alama ya kusimamisha programu ikifika mahali fulani) nikiweka kwenye fanksheni ambayo haijaitwa bado inashika mara nyingi, nikiweka kwenye lupu inayozunguka muda wote inapita tu kama haipo. Halafu nikisimamisha programu nikachelewa kidogo bodi inarestati yenyewe. Kodi yote inakimbia kwenye RAM. Nianzie wapi?

JIBU: Salama ndugu. Anza na kurestati maana ndo rahisi, hiyo ni wochidogi, yaani taima inayorestati bodi isipoguswa kwa wakati. Programu ikisimama hakuna wa kuigusa, muda ukiisha inapiga resti. Wapo watakaokwambia uwashe ile biti ya kuigandisha wakati wa kudebagi, achana nayo, ile inasubiri prosesa isimamishwe kwa JTAG na ya kwako haijasimama hata kidogo, iko bize inaendesha stabu. Iguse hapohapo kwenye lupu ya stabu inayosubiri herufi za siriali, basi.

Brekpointi sasa, hapo ni kachi (memori ndogo ya kasi inayokaa na nakala za RAM) na dalili umezitaja mwenyewe. GDB inaomba kwa paketi ya Z0 (niwekee brekpointi), stabu ikijibu $#00, yaani hiyo siijui, GDB inaandika instraksheni ya kusimama yenyewe kwa M au X, paketi za kuandika memori. Stabu inaiandika kama data kwa hiyo inapita kachi ya data, wakati lupu yako inasomwa kutoka kachi ya instraksheni ambako nakala ya zamani bado imekaa. Fanksheni mpya haimo humo ndo maana inashika, na zile mara inazokosa ni kwamba data haijashuka kwenye RAM.

Kwa hiyo kwenye kodi ya M na X, ukishaandika tu, shusha kachi ya data kwa anwani hizo, kisha DSB (instraksheni ya kusubiri hayo yaishe), futa ya instraksheni, DSB tena na ISB (prosesa ichote instraksheni upya). Usiifanye kwenye Z0 peke yake, GDB ikirudisha instraksheni ya asili inapita njia ileile ya M na X. Andika set debug remote 1 uone paketi zikipita, ukikuta $OK#9a baada ya kuandika na lupu bado inapitiliza, ujue kuandika kumefanyika, kachi ndo haijafutwa.

Siku ukihamishia kodi kwenye flashi njia hii haifai, maana flashi haiandikiki hivihivi kama RAM, itabidi stabu ijue Z1 (paketi ya brekpointi za hadwea) utumie amri ya GDB ya hbreak, na hizo zina idadi, Cortex-M3 kwa kawaida inakupa 6 tu.