Boti ya chuma kutoboka karibu na propela: pima kwanza, rangi baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini boti yako ya chuma inayolala Kibirizi inatoboka vitundu nyuma, karibu na propela, wakati umeipaka rangi mara mbili ndani ya miaka mitatu. Fundi wako anasema uliuziwa chuma kibovu, na wachangiaji wa juu wanakushauri uongeze tabaka la tatu la rangi. Nakuomba usiongeze kwanza. Nimechomelea na kutunza boti za chuma hapa Kigoma kwa miaka mingi, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwenye boti ya mteja.

Chuma chako huenda hakina shida yoyote. Pale nyuma una betri bila kujua. Propela ni ya shaba, ngozi ya boti ni chuma cha kawaida, shafti inaviunganisha, na vyote vimezama kwenye maji yaleyale. Metali hazilingani katika kushikilia elektroni zake. Kwa vipimo vya maabara shaba iko kwenye volti +0.34, chuma -0.44, zinki -0.76, magnesiamu -2.37. Zikiunganishwa mbili majini, ile ya chini ndiyo inayoachia. Chuma kinatoa elektroni, zinapanda kwenye shafti hadi propela, na kule oksijeni iliyomo majini inazipokea. Chembe ya chuma iliyopoteza elektroni haina cha kuishikilia tena, inaingia majini. Panapotoa ndiyo anodi, panapopokea ndiyo kathodi. Propela yako inang'aa kila ukiipandisha boti, na bati la boti ndilo linalolipa.

Sasa njoo kwenye rangi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Ukubwa wa mkondo wa umeme unategemea sana eneo la shaba lililo wazi, kwa sababu ndiko oksijeni inakopokelewa. Ukipaka chuma chote vizuri ukaiacha shaba wazi, mkondo haupungui kwa kiasi unachotarajia. Ila mlango wa kutokea umebaki mdogo: mkwaruzo wa kamba, sehemu iliyogonga jiwe, kona ambayo brashi haikufika. Kazi iliyokuwa imetawanyika kwenye ngozi nzima sasa inafanyika kwenye doa la ukubwa wa punje ya mahindi. Kwa hesabu ya Faraday, mkondo wa miliampea moja kwa kila sentimita ya mraba unakula chuma milimita 11.6 kwa mwaka. Pleti ya milimita 4 inaisha ndani ya miezi minne na siku kadhaa.

Mteja wangu alikuwa anabeba mawese na dagaa kutoka vijiji vya kusini. Nilimpakia chuma tabaka juu ya tabaka, nikaisugua propela hadi ikawaka, nikajisikia nimemaliza kazi. Msimu haukuisha, akanipigia simu kuwa boti inaingiza maji. Tulipoipandisha nikaona uvimbe mdogo wa rangi ya ugoro pembeni ya bomba la shafti. Nikaugonga kwa nyundo ndogo, ukabanduka kama gamba, chini yake kulikuwa na uji mweusi, na chini ya uji chuma kilichokuwa kikimetameta, kisafi kabisa. Pigo la pili ncha ya nyundo ikapita. Kuzunguka lile tundu rangi ilikuwa mpya kama siku niliyoipaka. Nilirudia kazi ile kwa gharama yangu.

Kwa hiyo ukipaka, anza na shaba. Propela ipate praima ya epoksi na rangi kama ngozi ya boti. Hata ikibanduka kiasi, umepunguza eneo linalovuta.

Kuhusu chuma kibovu, watu hupenda kutolea mfano Liemba, meli kongwe ya hapa Ziwa Tanganyika, kwamba chuma cha zamani kilikuwa kingine. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, ikainuliwa 1924, na ikarudi kazini 1927. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Sifa ile wapewe mafundi wale, kwa sababu maji yasipogusa metali, betri haifanyi kazi.

Kupima ni rahisi, na ndicho ninachotaka ukifanye wiki hii. Nunua mrututu (salfeti ya shaba) kwenye duka la pembejeo, ule wanaotumia wakulima wa kahawa. Koroga kwenye maji safi hadi chenga zibaki chini haziyeyuki tena. Chukua kipande cha bomba la plastiki, mdomo wa chini uzibe kwa kijiti cha mti laini kilichokwisha kulowa, mimina ule mrututu pamoja na chenga zake, kisha chomeka waya mnene wa shaba uliousugua kwa msasa. Hicho ndicho kipimo chako. Kijiti kinyonye bila kuchuruzika, na usithubutu kumwaga mrututu ziwani, ni sumu kwa samaki.

Weka multimita, kile kipima umeme cha mkononi, kwenye volti za DC. Waya mwekundu ushike chuma kitupu ndani ya boti, waya mweusi ushike ule waya wa shaba, na bomba ulitumbukize majini karibu na propela. Chuma kisicho na kinga mara nyingi kitasoma kati ya -0.5 na -0.7. Kilicholindwa kinapaswa kufika -0.85 au chini yake. Ukiona kimevuka -1.2, umezidisha kinga, na rangi itaanza kuvimba.

Kinga yenyewe ni anodi ya kujitoa: kipande cha metali ya chini zaidi kinacholiwa badala ya boti. Wazo ni la zamani, Humphry Davy alilijaribu mwaka 1824 kulinda shaba ya meli za kivita za Uingereza kwa vipande vya zinki na chuma. Shaba ikaacha kuyeyuka kweli, ila viumbe wa baharini wakaanza kuota juu yake, kwa kuwa sumu ya shaba haikutoka tena.

Watu hapa huagiza zinki kutoka Dar, ile ile ya boti za baharini. Maji ya Ziwa Tanganyika yanapitisha umeme kama mara sita au saba zaidi ya Ziwa Victoria, lakini ukiyalinganisha na bahari ni kidogo mno, bahari inayazidi mara sabini na zaidi. Kwenye maji ya namna hii zinki huota ukoko mweupe ikalala. Miezi sita baadaye mwenye boti anafurahi kwamba anodi haijaisha. Anodi isiyoisha hailindi kitu! Kwa boti ya chuma mimi hutumia magnesiamu, vipande vidogo, nikipima kila baada ya muda. Usiifunge kwenye boti ya alumini, itaiharibu. Anodi iguse chuma kwa chuma, usiipake rangi hata tone.

Angalia na nyaya. Kama una pampu au taa za betri, zima kila kitu, pima, kisha washa kimoja kimoja. Namba ikiruka, hasa ikipanda kuelekea -0.4, kuna mkondo unavuja kupitia ngozi ya boti. Ampea moja inayovuja mwaka mzima inaondoa takriban kilo 9 za chuma, na hiyo hakuna anodi ya kuimudu. Rekebisha waya kwanza.

Ukishapima weka hapa namba tatu: karibu na propela, katikati na mbele, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Na useme shafti yako ni ya chuma cha kawaida au stenlesi.