Usitume hela ya krauni ya 1847 kabla haijapanda kwenye mizani

Mkuu, simama hapohapo. Usirushe hata shilingi. Umeandika kwamba umempata jamaa mwenye krauni ya Malkia Victoria ya 1847, sarafu kubwa ya fedha ya Uingereza, ile ya maandishi ya Kigothi, yaani herufi za mtindo wa kale wa Ulaya, kakutumia picha mbili, anataka laki nane, na Ijumaa unamtumia hela kwa simu kwa sababu "imechakaa vizuri, inaonekana ya zamani kweli". Halafu ndiyo unauliza habari za kopo la sarafu za zamani la babu: herufi zinasomwaje, zihifadhiwe vipi, ziuzwe wapi. Kopo limekaa miaka yote hiyo, haliozi wiki hii. Hiyo krauni ndiyo ya kuzungumza sasa.

Mimi niliuziwa hiyohiyo. Angalia picha yako ya kwanza, shavuni kwa malkia, chini kidogo ya jicho. Kuna kikovu kidogo kama mkwaruzo wa ukucha. Yangu ina kikovu hicho, palepale, na urefu uleule. Sarafu mbili zilizopita mikononi mwa watu tofauti kwa zaidi ya miaka 170 haziwezi kuchubuka sehemu moja namna moja. Kikovu kimo kwenye kalibu. Kuna mtu alichukua krauni moja iliyokwaruzwa, akatengenezea kalibu, na sasa anamimina tu, kila inayotoka inatoka na kovu hilo.

Nilikotumbukizwa ni kwenye kundi moja la simu la wakusanyaji. Alikuwepo mtu tukimwita mwalimu, kila picha ikiwekwa anatoa hukumu kabla chai haijapoa. Nilimuuliza waziwazi: nipime? Akajibu kwamba mizani ni ya wauza dagaa, mkusanyaji wa kweli anatumia jicho. Akasema weusi ule kwenye mikunjo ya joho ndio cheti chake, kwamba fedha haidanganyi ikizeeka. Watu wakapiga makofi kwa vidole. Mtu huyu hajawahi kuishika hiyo sarafu mkononi, na muuzaji, nilikuja kugundua baadaye, walikuwa wanajuana vizuri. Weusi unapakwa, mkuu. Unapakwa kwa dawa, na kwa mayai ya kuchemsha ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu fedha na shaba hupiga weusi zikikutana na salfa. Mtu anayekuambia weusi ni ushahidi, au hajui, au anakula na muuzaji. Na nyie mnaocheka huko nyuma, leteni vya makabatini mwenu tuvipime hapa kabla hamjaendelea kucheka.

Sasa sikiliza krauni halisi ikoje. Kiwanda cha sarafu cha kifalme London kilitoa 8,000 tu mwaka 1847. Kichwa cha malkia mwenye taji na nywele zilizosukwa kilichongwa na William Wyon. Mwaka haukuandikwa kwa tarakimu tulizozoea, umeandikwa kwa herufi za Kirumi, mdcccxlvii, tena kwa mwandiko wa Kigothi, ndiyo maana watu wengi hawauoni kabisa. Ni fedha ya asilimia 92.5. Kipenyo ni kati ya milimita 38 na 39. Na uzito, hapa ndipo pa kukariri, ni gramu 28.28. Kwenye minada ya London inakwenda kwa maelfu ya pauni. Jiulize mwenye nayo anakuuzia wewe laki nane kwa nini, wakati simu aliyokutumia picha inaweza kumtumia picha hiyohiyo dalali wa London.

Yangu nilipoipeleka kwa sonara, hela ikiwa imeshakwenda, ilisoma gramu 22 na pointi. Sonara hakuuliza kitu, aliigonga kwenye kioo cha meza, ikatoa mlio mfupi uliokufa, akanirudishia. Kisha akanionyesha ukingo. Krauni ya kweli imezungushiwa maneno ya Kilatini DECUS ET TUTAMEN na mwaka wa utawala wa malkia, yameandikwa ubavuni. Yangu ilikuwa na mstari mwembamba uliopigwa tupa, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Zipo krauni chache za 1847 zenye ukingo mtupu, na hizo ni adimu zaidi, kwa hiyo ukimuuliza muuzaji kuhusu maneno atakwambia yake ni katika hizo. Mwache aseme. Wewe mwambie aiweke kwenye mizani.

Hii ndiyo kanuni yangu na siibadilishi kwa mtu yeyote: hakuna gramu, hakuna hela. Picha haina uzito. Hadithi ya marehemu aliyerudi na meli haina uzito. Mtu akikataa kupima mbele yako, kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, biashara imekufa, hata kama ni shemeji yako.

Na usiniambie huna mizani ya namna hiyo, maana mawe ya kupimia unayo ndani ya kopo la babu. Tangu sheria ya sarafu ya 1816, Waingereza walizipanga sarafu zao za fedha kwa uzito unaolingana na thamani. Ratili moja ya fedha, ile ya troy yenye gramu 373, ilikatwa shilingi 66, hivyo shilingi moja ina gramu 5.66, florini ya shilingi mbili 11.31, nusu krauni 14.14, na krauni, ambayo ni shilingi tano, ina 28.28. Umeona? Shilingi tano za Kiingereza upande mmoja wa mizani ya sonara, krauni upande wa pili, mkono lazima usimame sawa, au utofautiane kidogo tu kwa sababu ya kulika. Hata shilingi za 1947 na kuendelea, ambazo hazina fedha kabisa, ni za shaba na nikeli, waliziachia uzito uleule, kwa hiyo zinafaa. Krauni yangu ingewekwa na shilingi nne tu, shilingi zingeshinda.

Ila chunga jambo moja. Tumia shilingi za Uingereza, usichanganye na shilingi zetu za Afrika Mashariki, zile za simba na milima. Hizo zilianza 1921, ni pana zaidi na zina karibu gramu 7.8, na fedha yake ilikuwa robo tu. Ukipimia hizo utamkataa mkweli na kumkubali mwizi. Kwenye picha ya kopo lako naziona za aina zote mbili zimechanganyika.

Uzito ukikubali bado hujamaliza, kwa sababu wapo wanaomimina nene zaidi ili gramu zifike. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha isome sifuri, funga krauni kwa uzi mwembamba uining'inize ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma kitu kidogo. Krauni ya fedha halisi itasoma kama gramu 2.7. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma 3.1 na zaidi, kwa sababu madini mepesi hula nafasi kubwa. Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kudanganya maji. Pauni ya dhahabu vilevile: gramu 7.99, kipenyo milimita 22.05, na ya shaba iliyochovywa yenye ukubwa huohuo itakuwa na karibu nusu ya uzito. Hata peni zina utaratibu wake: tangu 1860, zilipoacha kuwa za shaba tupu, peni tatu ni aunsi moja, yaani kila moja 9.45. Anayekuletea peni ya 1933, ambazo zinazojulikana ni chache kuliko vidole vyako, aanzie hapo, kisha umulike tarakimu ya mwisho kwa lenzi uone kama imechongwa upya.

Hilo kopo sasa. Jina GEORGIVS likifuatwa na V ni sarafu za 1911 hadi 1936, likifuatwa na VI ni za 1937 hadi 1952. Shilingi, florini na nusu krauni za Uingereza hadi 1919 ni fedha ya asilimia 92.5, za 1920 hadi 1946 ni nusu, baada ya hapo hamna. Hapa mizani haikusaidii, uzito haukubadilika, soma mwaka. Ile senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu ya 1936 iliyoandikwa EDWARDVS VIII usiitangazie mamilioni kama wanavyosema mitaani. Ni kweli mfalme huyo aliachia kiti mwaka huohuo na Uingereza kwenyewe sarafu za jina lake hazikuingia sokoni, lakini hizi za kwetu zilitolewa kwa mamilioni, na bado zimejaa. Na usizisugue kwa ndimu wala majivu.

Kesho asubuhi mpigie jamaa, mwambie unataka krauni ipimwe na sonara utakayemchagua wewe, na picha tatu za ukingo zikizunguka pande zote. Akikutumia namba yoyote chini ya 28, au akianza kukasirika, mfungie. Akikubali, andika hapa gramu ulizosoma wewe mwenyewe, siyo alizokutajia yeye, pamoja na hesabu ya maji. Nitakaa macho nikujibu.