Mikono midogo, mifuko midogo: kisu cha kukunja nakichagua hivi

Wenye mikono midogo tukienda dukani huwa tunaonyeshwa vitu viwili tu, ama lile likisu nene lenye vikorokoro vyote, mkasi, msumeno, bisibisi, kifungua kopo, ama kile kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, halafu muuzaji anakwambia dada hiki ndo size yako. Mimi nafungua maboksi na viroba vya nguo karibu kila siku, nakata kamba za manila na selotepu, nikiwa safarini namenya chungwa, na kisu nakiweka mfuko wa suruali maana kwenye pochi kikizama huko chini kukipata ni kazi. Kwa hiyo nawaambia kitu kimoja kabla ya vyote, ukishika kisu dukani usianze kuangalia ukali wala urembo wa mpini, anza na kukifungua na kukifunga. Hapo ndo mkono mdogo unateseka.

Tuanze kufungua. Visu vingi vya springi, hivi vya Uswisi vya Victorinox kwa mfano, bapa lina kijimfereji kwa juu karibu na mgongo ambacho unaingiza ukucha ndo unavuta. Springi ikiwa ngumu na kucha zako ni laini au umezikata fupi, utavuta mpaka ukucha upinduke, inauma balaa. Angalia kile kijimfereji kiko wapi: kikiwa mbali na pale bapa linapokunjia, kuelekea kwenye ncha, unavuta kirahisi zaidi, kikiwa karibu na bawaba unatumia nguvu nyingi kwa kitu kile kile. Angalia pia kama mgongo wa bapa umejitokeza nje ya mpini vya kutosha, ukijitokeza unalibana kwa kidole gumba na cha shahada unalivuta na ukucha haukuhusu kabisa. Jaribu mkono ukiwa mkavu, halafu jaribu na vidole vyenye jasho, Dar hii mkono mkavu unaupata lini jamani.

Kufunga sasa, na hapa naomba usome taratibu. Kisu kisicho na loki, yaani kile kitu cha kulishikilia bapa lisijikunje lenyewe, unakisukuma tu bapa linarudi, ila vidole vyako visiwe kwenye njia yake. Vyenye loki viko vya aina aina. Kuna vile vyenye kibati ndani ya mpini ambacho unakisukuma pembeni kwa kidole gumba, na wakati unakisukuma hicho kidole kiko pale pale bapa linapopita, sasa mwenye kidole kifupi inabidi akiingize chote ndo kibati kisogee. Mimi hizo sizipendi kwa mkono mdogo, nasema wazi. Za kubonyeza mgongoni mwa mpini zina unafuu kwa vidole ila nyingine springi yake inataka mkono wa fundi. Opinel ya Ufaransa ina pete ya chuma shingoni, ilianza 1955, unaizungusha bapa linakaza, unaizungusha tena linaachia, na wakati unaizungusha bapa halitembei. Kwa wenzangu wa vidole vifupi hiyo naisifia sana.

Size. Watu wanauliza urefu, mimi naangalia zaidi unene. Shika mpini kama unataka kukata kitu: ncha za vidole zikizama kwenye kiganja mpini ni mwembamba mno, zisipokaribia kiganja kabisa ni mnene na utachoka haraka. Kile cha Victorinox cha kwenye funguo, Classic, kikifungwa ni milimita 58, mfukoni husikii kama kipo na kile kimkasi chake ni kitamu kwa nyuzi, ila vidole viwili tu ndo vinapata pa kushika, kwa embe au kamba nene hapana. Cha milimita 84 kama Cadet, chembamba, chenye mpini wa aluminiamu, kwangu ndo saizi tamu, vidole vinakaa na suruali haivimbi. Vya 91 vyenye mapande mengi waachie wenye makoti. Opinel nenda namba 6, bapa lake kama sentimita 7, na ni nyepesi sababu mpini ni mti. Tulioko pwani tuchukue ya stenlesi, ile ya chuma cha kaboni inanoleka vizuri ila hewa ya bahari inaila kutu. Na mti ukilowa unavimba bapa linang'ang'ania, ukiona hivyo gonga kitako cha mpini mezani, bapa linachomoza kidogo unalibana.

Mifuko yetu wanawake mnaijua, kwa hiyo ukishaweka kisu mfukoni kaa chini, kunja miguu kama uko kwenye daladala imejaa. Kikikuchoma nyonga au kikachungulia nje, rudisha.

Halafu kuna suala la sheria, usilipuuze. Kwenye ndege kisu kiende begi la chini, usibebe mkononi. Mall za Nairobi wanakagua mabegi mlangoni, kiache nyumbani siku hiyo. Mlioko Uingereza, cha kutembea nacho bila kudaiwa sababu ni cha kukunja kisicho na loki na makali yasizidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, kwa hiyo hiyo Opinel ya pete niliyoisifia huko isitembee mfukoni hivi hivi tu. Kwa sababu hiyo ndugu zangu wa huko nawaambia Cadet.

Matunzo ni madogo. Mfukoni kuna vumbi na nyuzi za nguo, vinaingia kwenye bawaba, na springi iliyokuwa laini inageuka ngumu. Safisha na mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, weka tone moja la mafuta ya cherehani pale linapokunjia, fungua funga mara kadhaa, futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia usiweke, yakikaa yananata.