Vijana wakitia tanga peke yao, gharama ya kuwatafuta ni ya nani?

SWALI

Assalaam alaykum wakili. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Malindi. Kijana wangu ana miaka 16 na bahari anaijua tangu mdogo, kwani baba yake ni mvuvi. Likizo ya Agosti yeye na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, wanataka kuchukua dau letu watie tanga mpaka Lamu, wawili peke yao, wakijirekodi kwa simu njia nzima. Baba yake ameridhia, asema yeye alikuwa akitweka tanga ana miaka 12. Mimi sina raha. Mambo yakiharibika wakatafutwa kwa boti na ndege, nani atalipa? Naweza kushtakiwa? Na huyu mtoto wa dada yangu akipatwa na jambo, ni juu ya nani? Dada amenitumia ujumbe kwamba yeye hana kizuizi.

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na la pesa, kwa kuwa ndilo jepesi.

Katika sheria ya bahari, uhai wa mtu hauna ankara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unataka kila nahodha amsaidie mtu aliye hatarini baharini, ilimradi asikitie chombo chake na watu wake katika hatari kubwa. Mkataba wa utafutaji na uokoaji wa 1979 unaongeza kwamba msaada hautazami uraia wa mtu, hadhi yake, wala namna alivyofika pale alipo. Kwa hiyo kituo cha uokoaji cha Mombasa kikipata habari kwamba dau limepotea, hakitauliza kwanza kama vijana walikuwa na ruhusa ya mama. Watatafutwa. Na Mkataba wa Uokoaji wa Mali Baharini wa 1989 unasema wazi kwamba mtu aliyeokolewa uhai wake hadaiwi ujira wowote na aliyemwokoa.

Lakini dau si mtu. Mkataba huohuo unampa mwokoaji haki ya kudai ujira kwa chombo na mali aliyoiokoa, maadamu kazi yake imezaa matunda, na ujira huo hauwezi kupita thamani ya kilichookolewa. Mashua ikilifunga kamba dau na kulivuta, na vijana wako wakiwamo, hadi Kipini, mwenye mashua anaweza kuja kudai, na mdaiwa atakuwa mwenye dau, yaani mumeo. Akiwachukua vijana peke yao na kuliacha dau lizame, hana dai kwa mujibu wa mkataba huo. Mpangilio huu unawashangaza watu wengi, nao ndio unaofanya baadhi ya wavuvi wetu warudi nyumbani na hasara baada ya kufanya jambo la heshima kuliko yote.

Hapo ndipo ningependa utulie kidogo. Watu husikia neno uokoaji wakafikiria helikopta na serikali. Hapa kwetu, kabla ya Walinzi wa Pwani kufika, aliye karibu ni mvuvi wa Ngomeni au Kipini. Ataacha nyavu zake majini na kuchoma petroli aliyoikopa. Samaki wa siku hiyo hatawapata. Hakuna mahakama itakayokulazimisha kumlipa kwa uhai wa mwanao, ila mimi nasema mzazi anayeridhia safari kama hii aridhie pia, kabla tanga halijatwekwa, kwamba mafuta na siku ya kazi ya mtu yule atazilipa yeye. Kama pesa hiyo hamna, basi mnaipanga safari kwa mfuko wa jirani.

Nchi nyingine zimelitazama suala hili kwa njia tofauti. Juni 2010, Mmarekani Abby Sunderland, miaka 16, alikuwa akijaribu kuzunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga. Alivunjikiwa mlingoti katika Bahari ya Hindi ya kusini, mbali mno na Australia, wakati wa baridi ya huko. Ndege kubwa ya abiria ilikodiwa kutoka Perth kwenda kumtafuta, ikampata, na meli ya uvuvi ya Kifaransa ikamfikia siku mbili baada ya ajali. Nahodha wa meli hiyo mwenyewe alianguka majini katika kumwokoa, ikabidi naye aopolewe. Wazazi wa binti walilaumiwa duniani kote. Australia haikuwadai kitu; ilisema huo ni wajibu wake chini ya mikataba niliyokutajia, kama ambavyo raia wake wangeokolewa na wengine.

Nchi kavu ni habari nyingine. Jimbo la New Hampshire huko Marekani lina sheria ya kumtoza mtu aliyeokolewa ikiwa alijitia hatarini kwa uzembe. Mwaka 2009 kijana wa miaka 17 aliyepotea katika mlima Washington alipelekewa ankara ya zaidi ya dola 25,000. Mimi siungi mkono njia hiyo, hasa kwa watoto. Kijana anayeogopa ankara huchelewa kupiga simu, na akichelewa, eneo la kumtafuta linapanuka. Tuseme mlingoti wa mwanao umevunjika katika Ghuba ya Ungwana mwezi wa Agosti. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, na wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kusini, unapata nguvu zaidi. Chombo kikichukuliwa kwa mwendo wa noti 3, yaani maili 3 za baharini kwa saa, baada ya saa 8 kimeshasogea karibu kilomita 44, kuelekea upande wa Lamu na Somalia. Na hata hiyo ni hesabu ya anayejua saa na mahali kilipovunjikia. Asiyejua anatafuta bahari nzima.

Sasa kushtakiwa. Katika sheria tunayoitumia Kenya, mzazi habebi kosa la mtoto wake kwa sababu tu ni mzazi. Atabeba la kwake mwenyewe: kwamba alijua, au alipaswa kujua, akaacha. Katiba, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya matunzo na ulinzi wa wazazi, nayo inaweka wajibu huo sawasawa kwa mama na baba. Sheria ya Watoto ya 2022 inaufafanua wajibu wa mzazi kuwa ni pamoja na kumlinda mtoto na kumwongoza, kwa kulingana na uwezo wake unaokua. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Sheria haimlazimishi mzazi kumfungia ndani kijana wa miaka 16 kama mtoto wa miaka 6. Inataka apewe uhuru unaolingana na anachokiweza, na maoni yake yasikilizwe.

Uholanzi walilipima jambo hili mahakamani. Laura Dekker alikuwa na miaka 13 alipotangaza kwamba atazunguka dunia peke yake, na baba yake akamuunga mkono. Mwaka 2009 mahakama ilimweka chini ya uangalizi wa serikali. Ilimzuia kwa wakati ule tu, haikumkataza milele. Akapata chombo kikubwa zaidi, akajifunza huduma ya kwanza na namna ya kulala vipande vipande baharini, na Julai 2010 mahakama ikauondoa uangalizi. Alimaliza safari Januari 2012 akiwa na miaka 16. Kwangu mimi hiyo ndiyo hukumu iliyokwenda sawa, maana ilipima maandalizi, si umri peke yake wala ushujaa.

Kwa hiyo, likitokea la kutokea, afisa wa upelelezi au hakimu hatauliza kama unampenda mwanao. Atauliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wiki ile ulisema nini na nani aliusoma. Atauliza jaketi za kuokolea zilikuwa ngapi na kama ile ya mtoto wa miaka 14 ilikuwa ya kipimo chake, kwa sababu jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani akitumbukia. Ataulizia chombo cha kutolea ishara ya dharura, kile cha masafa ya 406 MHz kinachosikika na setilaiti, kwa kuwa simu ya mkononi ukiondoka pwani hupoteza mtandao. Na atasoma ujumbe wenu wa WhatsApp. Wasiwasi uliouandika kwangu, kama umemwandikia mumeo pia, ni ushahidi kwamba hatari ilijulikana nyumbani.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nami lazima nikwambie. Mwanao akishika usukani, yeye ndiye nahodha, na aliyemo chomboni ni mtoto mdogo kuliko yeye. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243, inamgusa yeyote anayeendesha chombo kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha uhai wa mtu. Umri wa kuwajibika kwa jinai nchini ni miaka 12 tangu sheria ya 2022. Mtoto wa miaka 16 hushughulikiwa kwa utaratibu wa watoto, sawa, lakini hayuko nje ya sheria. Mketi naye mzungumze hivyo, mbele ya baba yake, maana vijana wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kubeba abiria ni dhamana.

Huyo wa dada yako: ujumbe wa kwamba hana kizuizi haumwondolei yeye wajibu, wala hauwaondolei ninyi. Mzazi anaweza kusamehe haki yake mwenyewe. Haki ya mtoto ya kulindwa si yake kuisamehe. Tangu mtoto alipokabidhiwa mikononi mwenu, ninyi ni walezi wake kwa muda ule. Na mvuvi akiumia katika kuwaokoa, anaweza kudai fidia kwa aliyesababisha hatari kwa uzembe. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1935, katika kesi ya polisi aliyeumia akizuia farasi walioachwa barabarani bila mtu, na hukumu hiyo husomwa hadi leo mahakamani kwetu.

Tuje kwa mumeo, na namjibu kwa heshima kwa sababu bahari yeye anaijua. Alipotweka tanga akiwa na miaka 12, bila shaka kulikuwa na mtu mzima tezini, nyuma penye usukani, na alilala nyumbani kwao. Safari hii ni zaidi ya kilomita 130, nayo inapita Ras Ngomeni na kuikata Ghuba ya Ungwana, mahali pasipo kificho, kabla ya kufika Ras Shaka na mlango wa Lamu. Agosti ni kusi. Upepo utawapeleka kaskazini kwa raha, na raha hiyo ndiyo inayonitisha: wakitaka kugeuza itawabidi wapige bisho dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja, kazi inayowachosha mabaharia wazima. Halafu wafike kwenye mlango, kati ya Shela na Manda, maji yakiwa yanakupwa. Mkondo unaotoka unakutana na kusi inayoingia, mawimbi yanasimama. Mwambie mumeo akujibu kwa mdomo wake: mmoja kati ya wawili akiumia mkono, nani atashika usukani na nani atafua maji yanayoingia chomboni?

Rai yangu ni kwamba safari ya Agosti ya wawili peke yao msiiridhie. Na ukikataa wewe, baba akakubali, ridhaa yake haifuti kauli yako. Wajibu ni wenu wote wawili. Mkishindwa kuelewana nyumbani, afisa wa watoto wa Malindi anaweza kuwakalisha, na ikibidi Mahakama ya Watoto ina uwezo wa kutoa amri. Sidhani mtafika huko. Mara nyingi baba huona wivu wa heshima yake kuliko hatari yenyewe, na babu au nahodha mzee akisema neno moja mambo hutulia.

Ila msimkatalie kijana bahari. Mpeni safari anayoiweza: Malindi hadi Watamu na kurudi, wakati wa maleleji upepo ukiwa umetulia, baba akifuata nyuma kwa boti ya mashine. Baadaye Lamu, pamoja na nahodha anayeujua mlango, mwanao akiongoza na mzee akitazama. Kurekodi waendelee, lakini anayeshika simu asiwe anayeshika demani, kamba ya tanga.

Kabla ya safari yoyote kati ya hizo, nenda BMU yenu, kikundi cha usimamizi wa ufuo, na uache maandishi: jina la dau na rangi yake, rangi ya tanga, nani wamo, saa ya kuondoka, watalala wapi, na saa ambayo wasipoonekana watu waanze kutafuta. Nakala abaki nayo dada yako. Na mumeo amtafute mapema mwenye boti wa Ngomeni, wapatane bei ya mafuta akiitwa usiku.