Re: Shomoro koo-jeupe, mweupe ndiye dume?

Habari mkuu. Nimekuelewa: kila jozi ya shomoro koo-jeupe wa Amerika Kaskazini unayoikuta, mmoja ana mstari mweupe juu ya jicho na mwenzake wa kahawia, ukaona basi mweupe ndiye dume. Sivyo. Madume na majike wapo katika rangi zote mbili. Mimi kwenye jedwali huweka safu ya rangi peke yake na ya jinsia peke yake, na jinsia naijaza kwa kipimo cha DNA tu.

Kabla ya yote angalia kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni) ya 2. Mwenye mstari mweupe ana nakala moja yenye kipande kilichopinduka, na jeni zaidi ya 1,000 zilizomo hurithiwa furushi zima. Wa kahawia hana. Ndiyo maana weupe ni wakorofi, wanaimba sana na kuchepuka (wote, hata majike hugombana), huku madume wa kahawia wakilisha makinda kwa bidii zaidi. Mwaka 2020 watafiti walipopunguza kazi ya jeni moja ya furushi hilo, ESR1 (ya kipokezi cha homoni ya estrojeni), katika ubongo wa weupe, ukorofi ukashuka hadi kiwango cha wa kahawia.

Ukipata jozi ya weupe watupu, rudia kipimo. Ni nadra mno.