Nilimchukua tena kwa sababu ya mnyororo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mtu anayezalisha mbwa au paka ana haki ya kumchukua tena mnyama aliyemuuza, akiona hatunzwi vizuri?" Jibu langu ni ndiyo, anayo, na sioni la kujadili hapo. Ila kuna swali jingine linalotangulia hilo, na ndilo linaloniuma: huyo mfugaji anajuaje kwamba nyumba fulani ni nzuri na nyingine ni mbaya?

Nimezalisha mbwa kwa miaka 11. Si wengi, nina jike mmoja tu kwa wakati, na kuna miaka namwacha apumzike. Wanaosema tunafuata fedha hawajakesha na mbwa anayezaa. Mimba yake huchukua siku 63 hivi, na zikikaribia huwa nalala sakafuni kando ya sanduku lake. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi, na hawawezi kujipasha joto wenyewe. Mmoja akitambaa mbali na mama yake anapoa, na akishapoa hana tena nguvu ya kunyonya. Basi unaamka, unamrudisha. Asubuhi unawapima mmoja mmoja kwa mizani ya jikoni, maana asiyeongezeka uzito ana tatizo hata kama analia kwa nguvu. Mimi huwafunga uzi wa sufu shingoni, kila mmoja rangi yake, na kila baada ya siku mbili tatu naulegeza kwa jinsi wanavyonenepa.

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia wiki ya 3 wanaanza kuijua dunia, na wanayoyazoea kati ya hapo na wiki ya 12 au 14 hukaa nao sana: kushikwa na mikono ya watu, kelele za sufuria, watoto wanaokimbia. Kisha inafika wiki ya 8, wakati ambapo wote sita wanakimbilia mlangoni wakisikia hatua zangu, na ndipo watu wanapokuja kuwachukua. Mama yao hunusa sanduku siku moja, mbili, halafu anaendelea na maisha yake. Mimi sijaweza kuwa kama yeye.

Ndiyo maana nauliza maswali mengi. Nani anashinda nyumbani? Mbwa atalala wapi? Mkihama je? Wengine wamekasirika, na waliokuja na fedha mkononi nimewarudisha bila mbwa. Kwa hilo sijutii.

Sasa nije kwa Njano, kwani ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuwa dume mwenye uzi wa njano, mdogo kuliko wenzake. Siku nne za kwanza hakuongezeka hata kidogo, nikawa namnyonyesha kwa chupa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alipofika wiki 8 alikuja baba mmoja na binti yake wa miaka kama tisa. Baba alijibu kila nililouliza, lakini aliyenishinda moyo ni yule mtoto. Hakumvamia mbwa kumbeba. Aliketi chini, akanyamaza, akamngoja mpaka akaja mwenyewe kumnusa vidole. Tukaandikiana karatasi: mbwa hatafungwa mnyororo, na wakishindwa kumtunza watamrudisha kwangu.

Njano alipotimiza miezi saba nilipita kwao bila taarifa. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo usiozidi hatua tatu. Ardhi pale ilikuwa imekanyagwa ikawa duara, laini kama sakafu, haina hata jani. Ndoo ya maji ilikuwa imelala ubavu. Nikamwita, "Njano!" Akanibwekea kama mbwa anavyombwekea mgeni.

Binti akatoka ndani na sare za shule. "Shikamoo. Baba hayupo." Kisha akamgeukia mbwa: "Mzee, nyamaza." Mbwa akanyamaza, akalala chini. Walikuwa wamempa jina la Mzee.

Baba alipigiwa simu akaja mbio. Alinieleza kwamba mvua ilikuwa imeangusha upande mmoja wa uzio, na mbwa ametoka mara mbili hadi barabarani. Mara ya pili aligongwa na gari, akachechemea wiki nzima. Kwa hiyo anamfunga mchana, na jioni akirudi kazini anamfungua, wanatembea wote watatu. "Dada, nimemfunga ili asife," alisema. Mimi nilisikia kisingizio. Nikatoa ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaenda kumfungua mwenyewe. Binti hakulia. Aliingia ndani akaleta shuka kuukuu alilokuwa akilalia mbwa, akanikabidhi bila kunitazama.

Usiku ule, chini ya taa, nilimpekua shingo kutafuta vidonda. Nilitenganisha manyoya kwa vidole, mstari baada ya mstari. Hakukuwa na kidonda, wala mahali palipochubuka. Nilipougeuza mkanda wake wa shingoni nikaona kwa ndani umeshonewa kitambaa laini, ili usimkwaruze. Mishono ilikuwa mikubwa, imepinda, ya mkono wa mtoto.

Niliiona mishono ile, na bado sikumrudisha.

Siku tatu hakugusa chakula. Daktari wa mifugo alimkuta mzima na uzito wake mzuri, na kwenye kadi chanjo zote zimekamilika, hata ya kichaa cha mbwa. Siku ya nne akala. Baada ya wiki tatu yule baba akaja, akasema uzio umeshajengwa, akaniomba wampate tena mbwa wao. Nikamwambia makubaliano ni makubaliano. Ukweli ni kwamba asubuhi ile Njano alikuwa amegeuka nilipomwita kwa jina nililompa mimi. Nilikuwa nimempata tena yule wa chupa, na moyo wangu haukuweza kumtoa mara ya pili. Mnyororo haukuwa tena sababu.

Nilianza kwa kusema ndiyo. Nikiangalia nilichokwisha kuandika, naona sina budi kulibadili jibu langu: hapana, mfugaji asiwe na haki hiyo peke yake. Aliyemlea mnyama kwa chupa hawezi kuwa hakimu wa nyumba ya mwingine. Awepo mtu wa tatu, kwa mfano daktari wa mifugo, aangalie mwili wa mnyama, asikilize pande zote, na aulize kama tatizo linaweza kurekebishwa. Pale kwa yule baba palihitajika nguzo chache na siku moja ya kazi, na mikono ninayo.

Najua pia kwamba si kila mahali kuna mtu wa tatu, na mnyama anaweza kufa huku watu wakitafutana. Nikimkuta anapigwa, anakonda kwa njaa au anaugua bila kutibiwa, hata leo nitamchukua, na karatasi tutaisoma baadaye. Na haki ya kukataa kuuza tangu mwanzo, hiyo siiachi.

Dume yule bado ninaye, ana miaka minne sasa. Namwita Mzee, maana hilo ndilo jina analoliitikia haraka. Jua likikaribia kuzama huacha chochote anachofanya, akaenda langoni, akakaa na masikio yamesimama mpaka giza liingie. Mkanda ni ule ule, umesogezwa matundu mawili. Kitambaa cha ndani kilianza kuachia upande mmoja nikakishona upya, lakini nyuzi za yule mtoto sikuzifumua.